Bundi wa Marthe Akilia

Baraka, tarehe 4 Machi 2024

Dada Igihozo,

Simu hazishiki tangu juma lililopita, ndiyo maana leo unauona mwandiko wangu mbaya. Raphaël wa pikipiki anapanda Fizi kesho kama mvua itamruhusu. Yeye ndiye aliyeniletea habari zako: umepata nafasi ya kufundisha, na umefungua meza yako mwenyewe ya mchezo wetu wa hadithi na dadu, barazani kwa mama yako. Ya kwanza imenifurahisha. Ya pili ingenifurahisha zaidi kama ningeisikia kwako. Halafu Raphaël akaongeza, huku anakaza mizigo: "Ku meza ya Igihozo woga hakuna. Aliitosha."

Umeutosha woga, umeuondoa mezani? Sasa umebakiza nini?

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Acha nikumbushe siku ile ya mwisho, maana huenda mimi na wewe hatukumbuki jambo moja. Mashujaa wetu walikuwa darajani, majambazi wanatokea ng'ambo. Shujaa wako, yule mganga, alikuwa amepiga magoti anamfunga jeraha mchukuzi tuliyemwokoa. Marthe akaona hatari, akamwamuru bundi wake alie. Kila shujaa ana mwenzi, mnyama au ndege: Casimir na nyani wake mwizi, wewe na punda wako, Marthe na bundi. Sheria ya bundi tuliiandika sote, na wewe ulikuwapo: akilia, kila anayemsikia, adui au rafiki, anatupa dadu, dadu ikimkataa, anakimbia mpaka hatari iishe. Majambazi walikimbia. Dadu yako nayo ikakukataa. Mimi ndiye mwongozaji, nikasema kinachotokea: "Miguu yako imekwenda, Igihozo. Mchukuzi umemuacha pale darajani."

Uliitazama ile dadu. Ukaweka kalamu, ukachukua kitenge chako, ukatoka. Tulidhani umekwenda kunywa maji.

Kama uliumia kwa kuwa mganga wako alionekana mwoga, ujue mchukuzi hakufa. Nilimwokoa juma lililofuata, kwa ajili yako. Na kama kuna mtu amekuambia Marthe alifanya makusudi kwa sababu wewe ni mtu wa milimani, si kweli. Marthe hana mambo hayo.

Nakuandikia pia kwa sababu nina haja nawe. Mama Clarisse wa kamati ya vijana anataka tuwachezeshe vijana waliohama vita, wale wa kambini, wa makabila yote. Anasema hajaona mahali pengine ambapo vijana hao wanakaa meza moja na kucheka. Lakini ameniambia pia: "Mumoja akitoka analia, tunafunga salle." Ukumbi ni wao. Nahitaji mtu wa kukaa nami mezani siku hiyo. Nahitaji wewe.

Nijibu kwa Raphaël huyuhuyu.

Dieumerci

*

Fizi, tarehe 7 Machi 2024

Kaka Dieumerci,

Raphaël anasubiri nje, hajazima hata mashine, kwa hiyo nitakwenda mbio.

Shujaa wangu kuonekana mwoga hakukuniuma. Ni mtu wa karatasi. Mchukuzi wako naye, asante kwa kumwokoa, lakini sikuwahi kumlilia.

Habari ya Marthe na watu wa milimani sikuwa nimeiwaza hata siku moja. Nimeiwaza sasa, kwa sababu umeiandika wewe. Nimekaa nayo tangu jana. Nimezirudia siku zote tulizocheza, nani alikaa karibu na nani, nani alicheka nilipokosea Kiswahili. Unaona ulichonifanyia? Ulitaka kunituliza na kitu ambacho hakikuwapo.

Kilichonitoa pale ni neno lako. Ulisema, "Miguu yako imekwenda." Nani alikupa miguu yangu? Hatari unaweza kuiongoza, na majambazi, na daraja, hata mvua. Dadu inaweza kuniambia kwamba nimeogopa, nami nakubali, sote tunaogopa. Lakini baada ya hapo hukuniuliza. Ulijua tayari mtu aliyeogopa anafanya nini.

Hapa kwangu nimeuondoa woga kwa sababu sijui namna ya kuuweka. Nacheza na Albert, mwalimu wa hesabu, na Arlette, jirani yetu. Mama anakaa pembeni na sinia lake la maharagwe, hatutazami, lakini anasikia yote. Siku ya kwanza nilitaja bundi mara moja tu, akasema bila kuinua kichwa, "Ule ni ndege ya balozi. Hapa kwangu hapana." Ndege wa wachawi, basi bundi sina.

Kuhusu vijana wa Mama Clarisse, sijui. Usinitegemee.

Igihozo

*

Baraka, tarehe 12 Machi 2024

Dada Igihozo,

Nisamehe lile la makabila. Nilitaka kuziba tundu, kumbe nalichimba mimi.

Lakini hili la sheria bado linanikera, na wewe unajua mimi nikikerwa silali usiku wala mchana. Woga usiolazimisha kitu si woga. Nilifanya kama ulivyofanya wewe. Nilimnyamazisha bundi wa Marthe Jumamosi nzima. Unajua ilikuwaje? Casimir aliingia pangoni mbele ya wote, akakaa juu ya sanduku la jambazi, akaomba chakula. Shujaa wake hakuogopa chochote kwa sababu Casimir alijua hakuna kitakachomfanya aondoke. Tulicheka kidogo, halafu tukachoka. Marthe ndiye aliumia zaidi. Aliniuliza, "Sasa bundi wangu ni wa mapambo?" Ni mwenzi wake, ndiye nguvu yake yote. Shujaa wake hajui upanga wala dawa. Ukimnyang'anya kilio kile umemwacha mikono mitupu.

Nikamwambia basi, alie, lakini asikike na maadui tu. Akakataa. "Bundi anachagula masikio ya kulilia?" Naye ana haki.

Kwa hiyo nimeirudisha sheria kama ilivyokuwa. Akilia, dadu ikikukataa, unakimbia. Kila mtu anaielewa, hata mtoto. Watu wakiogopa wanakimbia, Igihozo. Sikuitunga mimi, wote tumekuwa njiani.

Vijana wa kambini wanakuja Jumamosi hii, tarehe 16. Kiti chako kiko. Nimeshamwambia Raphaël akubebe, na mvua ikinyesha akufunike na hema lake.

Dieumerci

*

Fizi, tarehe 14 Machi 2024

Kaka Dieumerci,

Sitashuka. Usimlaumu Raphaël, pikipiki zimekatazwa kupita tangu jana asubuhi, wanasema ni usalama, hakuna anayesema usalama wa nini. Barua hii nampa mtu anayekwenda kwa miguu hadi watakapomruhusu. Huenda ikakufikia mambo yamekwisha.

Unasema watu wakiogopa wanakimbia. Mimi sikukimbia. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, na tafadhali usiniulize.

Kama barua hii itakuwahi, nakuomba mambo machache. Kabla ya kuanza, waulize vijana hao kitu gani hawataki kukiona mezani, na wakikutajia, usiwaulize sababu. Mtu akitaka kutoka, atoke bila kusindikizwa na macho. Na usimwambie yeyote kwamba anakimbia. Mwambie ameogopa, halafu nyamaza.

Mama anauliza kwa nini naandika barua nyingi. Nimemwambia ni mambo ya mchezo. Akasema, "Mchezo gani unakukunjisha uso hivi?"

Igihozo

*

Baraka, tarehe 17 Machi 2024

Dada Igihozo,

Barua yako imefika leo, Jumapili, baada ya misa. Imechelewa kwa siku moja. Laiti ingekuja kabla.

Tuko wazima wote. Naanza na hilo kwa sababu huenda umeshasikia mengine.

Vijana walikuja jana, wengi kuliko viti. Wengine walisimama ukutani. Nilianza vizuri, hata wale wagumu walikuwa wameanza kujibizana na kucheka. Marthe alikuwa karibu nami, Casimir upande wa mlango. Tukafika mahali bundi analia. Marthe akalia kwa sauti yake ile, unaijua. Msichana mmoja akatupa dadu, ikamkataa, nami nikafungua kinywa kumwambia miguu yake imekwenda.

Hapo risasi zikalia. Za kweli. Mfululizo, upande wa juu, karibu sana.

Igihozo, sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka mchanga. Nakumbuka nimesimama ziwani, wauza samaki wa ndakala wananitazama, na mama mmoja ananiuliza, "Baba, unatafuta nini mu maji?" Nilikuwa na karatasi ya mchezo mkononi. Mimi mwongozaji. Niliwaacha vijana wa watu ndani ya salle, nikampita Marthe aliyekaa karibu yangu, sikumshika hata mkono.

Risasi zenyewe zilikuwa za mazishi. Afisa mmoja alikuwa anazikwa, askari wenzake wakampigia za heshima makaburini. Hakuna aliyekuwa ametuambia.

Niliporudi nilitegemea kukuta salle tupu. Haikuwa tupu. Marthe alikuwa bado amekaa palepale, anacheka, machozi yanamtoka, anashindwa kunyamaza. Casimir, ambaye pangoni aliomba chakula, alikuwa chini ya meza anaokota dadu, anazipanga mstari, anazipangua, anazipanga tena. Vijana wawili walikuwa wameegemea mlango kwa migongo yao kuuzuia. Na yule msichana ambaye dadu ilimkataa, yule niliyetaka kumwambia amekimbia, alikuwa anamchana nywele mdogo wake, polepole, kama siku ya sikukuu.

Wote waliogopa. Katika salle nzima nilikimbia mimi na wengine wachache. Nilikuwa nimeandika sheria ya miguu yangu nikaiita sheria ya watu.

Mama Clarisse alinitazama kutoka juu mpaka chini. Nikajua salle imefungwa. Nikamwambia, "Mama, niachie nimalize. Dakika kidogo tu." Sijui kwa nini alikubali. Tukakaa tena. Nikamwambia yule msichana, "Bundi amelia, umeogopa. Woga wako unakufanyisha nini?" Alifikiri. Akasema shujaa wake anaanza kusema majina ya watu wote wa kwao, mmoja mmoja, kwa sauti. Nikasema sawa, basi kwa kuwa unayasema kwa sauti, adui amejua ulipo. Akasema, "Ajue. Sijamaliza." Hakuna aliyecheka. Meza yote ikamsogelea.

Hii ndiyo sheria mpya. Dadu inasema kama umeogopa. Wewe unasema woga unakufanyisha nini. Mimi nasema itakugharimu nini. Usipotaka kusema, unasema "pita", na tunaendelea. Gharama ipo, kwa hiyo Casimir hataomba tena chakula pangoni. Lakini miguu ni ya mwenyewe.

Mama Clarisse hajatoa neno lake bado. Mimi siwezi kukaa kitako, nazunguka tu humu ndani.

Niandikie hata mstari mmoja. Sitakuuliza ulilonikataza.

Dieumerci

*

Baraka, 18 Machi 2024

Dada Igihozo,

Ni mi Marthe. Najua tuko hatuandikiyanake, lakini Raphaël anasema leo barabara ilifunguliwa, na yaya Dieumerci, kaka yetu mukubwa, amenionyesha ile barua alikuandikia. Iko ya kweli, ila kuko mambo alificha. Hakukuambia kama alirudi na suruali maji mupaka ku magoti, bila viatu, na kitu ya kwanza alifanya ni kunipigia magoti mbele ya batu bote. Nilimuambia, simama, unachafua chini.

Nataka kukuambia juu ya bundi. Unafikiri nilimuchagula ili nitishe batu. Hapana. Mi niko muoga tangu butoto. Kwetu Nundu, hata radi ikipiga, nilikuwa naingia chini ya kitanda, na bakubwa banacheka. Nilipoingia mu mchezo nilisema, hapa ngoja woga itoke kwangu iende ku bengine, hata siku moja. Njo maana nilichagula bundi. Sikuwaza kama siku moja itakufika wewe. Ulipotoka na kitenge yako nilijua ni kilio yangu ilikutosha pale ku meza, lakini nilikosa kinywa ya kukuita.

Sasa nakuachia. Mupatie muntu ku meza yako, bundi na kilio yake, na ile sheria mupya. Mi nitatafuta mwenzi mwingine, labda kobe. Kama Mama anakataza ndege ya balozi, muambie huyu ni wa Marthe, na Marthe anasali.

Mama Clarisse amekubali. Yaya hajui bado, ananiambia nisikie roho yake inavyopiga. Nitamuambia kesho. Ateseke kidogo.

Marthe

*

Fizi, tarehe 26 Machi 2024

Kaka Dieumerci,

Ninashuka Ijumaa na Raphaël. Mwambie Marthe asitafute kobe bado, nataka nimwone kwanza na tuzungumze, na bundi ni wake. Nilimwazima mara moja tu. Nitakueleza, na kwanza nitakueleza lile nililokukataza kuuliza.

Vita vilipofika kwetu milimani ilikuwa mchana. Mama alitutoa nyumbani, mimi na Ganza, mdogo wangu, aliyekuwa bado wa kubebwa. Nilimweka mgongoni. Tulipofika ndani ya shamba la mahindi miguu yangu ikagoma. Nasema ilikataa, kama si yangu. Watu walitupita wanakimbia, mimi nimesimama kama mti. Mama akatutazama. Halafu akageuka akarudi kule kunakoungua, akatuacha. Alikuja baadaye sana, mikono imechubuka, ananuka moshi, akanishika bega tukaondoka. Hakusema alikwenda kufanya nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeshajijibu: kuna kitu ndani ya nyumba alikipenda kuliko sisi. Tumeishi na jibu langu hilo nyumba moja miaka yote hii, tunapika pamoja, tunasali pamoja, na kila akiniita nachelewa kidogo kuitika. Yeye analiona hilo. Najua analiona.

Sasa unajua kwa nini sikuweza kukaa uliposema nimemwacha mtu.

Jumapili jioni tulikuwa mezani. Albert alimchukua bundi. Nilimwambia Mama maneno ya Marthe, kwamba ndege huyu ana mwenyewe na mwenyewe anasali. Mama akasukuma sinia la maharagwe pembeni. Akauliza, "Na mi naweza kucheza?"

Nilimtengenezea shujaa, mwanamke mwenye fimbo. Alicheza kimya, akiuliza tu njia inakwenda wapi, mto uko upande gani. Tulifika kwenye kijiji, majambazi wakakitia moto, Albert akaona tumezidiwa, bundi akalia. Mama akatupa dadu, ikamkataa. Nikasema ulivyoniandikia, neno kwa neno, kwa sababu sikuwa na maneno yangu.

"Mama, umeogopa. Woga wako unakufanyisha nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mi narudia kufungula bandama, batoto ba ng'ombe. Beko na kamba ku shingo. Moto ikifika, hawataweza kukimbia."

Nikamwambia, "Mama, mu hii hadisi hakuna bandama."

"Iko," akasema.

Nilishika kalamu tu. Arlette ndiye aliyesaidia. Arlette akasema shujaa wake anarudi naye, ana kisu, atakata kamba. Albert akasema na yeye pia, bundi ataruka mbele. Wakanitazama, wanasubiri niwaambie itawagharimu nini.

Mwongozaji hana shujaa, wewe unalijua hilo. Lakini nilisema, "Kuna msichana ndani ya mahindi, amebeba mtoto. Anakuona unarudi. Anatoka, anakuja nyuma yako."

Mama aliinua macho akanitazama, si kama mtu anayetazama mezani.

"Hapana," akasema. "Ule asitoke. Palikuwa pa kujificha pazuri, nilipaangalia kwanza, mbele ya kugeuka. Abakie palepale, nitamurudilia."

Nikamwambia, "Basi amebaki."

Akachukua dadu, akaipuliza kama tunavyopuliza uji wa moto, akatupa kwa ajili ya kamba ya kwanza.

Igihozo